UZI: Kusaidia vikundi vya hisani vya karibu nawe (wanyama, wahitaji, afya). Kinachohitajika kweli na kinachowalemea

Kibaba (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu. Swali la "nipeleke nini kituoni" linarudi humu kila mara, na majibu huwa yale yale: nguo, chakula, blanketi. Naomba tulijibu kwa undani safari hii, kwa sababu mchango usioulizwa mara nyingi ni kazi ya ziada kwa anayeupokea. Mtu akishusha magunia kumi ya nguo mchanganyiko, kuna mtu wa kujitolea atakayekaa siku nzima akichambua, akitupa, akitafuta pa kuweka. Siku hiyo ilikuwa ya kuogesha mbwa, au ya kugawa chakula, au ya kupima watu presha.

Msimamo wangu ni huu: piga simu kwanza, toa kidogo kila mwezi badala ya kingi mara moja, na usifunge mikono ya kikundi kwa masharti. Fedha isiyo na masharti ndiyo inayolipa umeme wa friji ya chanjo, mafuta ya gari na mlinzi wa usiku. Mchango mdogo wa kila mwezi unamwezesha mwenye kituo kupanga, kwa sababu anajua mwezi ujao atapata kiasi gani. Mkubwa wa mara moja unatumika na kuisha, na miezi inayofuata anarudi kuomba.

Simu ya kwanza iwe fupi na yenye maswali ya kujibika. Mna upungufu wa nini mwezi huu? Nini mnacho kingi kupita kiasi? Nilete siku gani na saa ngapi, na nani atapokea? Kuna kitu hampokei kabisa? Hilo la mwisho ndilo wengi huliruka, na ndilo linalookoa nguvu za pande zote.

Wenye uzoefu wa kila upande karibuni. Tuanze na wanyama.

Mkia_Mrefu

Asante mleta mada. Upande wa makazi ya mbwa na paka, vinavyoisha haraka kuliko vyote si chakula. Ni taulo, mashuka ya zamani, magazeti, glavu, mifuko ya taka na dawa ya kuulia vijidudu. Taulo lililotoboka linafaa kabisa. Mito na magodoro yenye pamba au sponji ndani HAPANA: mbwa hurarua, humeza, utumbo unaziba, na hapo ni upasuaji.

Chakula cha wanyama kileteni, ila ulizeni aina wanayotumia. Ukimbadilishia mbwa chakula ghafla anaharisha, na kwenye banda lenye mbwa wengi huwezi kujua kama ni chakula au ni ugonjwa. Mabadiliko yafanyike kwa siku saba hivi: robo ya chakula kipya kwa siku mbili za mwanzo, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha chote. Kwa hiyo gunia moja la aina ngeni linasaidia kidogo kuliko mnavyofikiri. Bora magunia machache ya aina ile ile wanayolishwa.

Sasa dawa ya usafi, maana hapa ndipo wanyama wanapokufa. Parvo ya mbwa, kirusi kinachowaharisha hasa watoto wa mbwa, hukaa kwenye mazingira miezi mingi, hata mwaka, na sabuni peke yake haiiui. Klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 hivi inaiua: mililita 30 kwa lita moja ya maji, ikae dakika 10 ikiwa bado imelowa, kisha suuza. Lakini LAZIMA uanze kwa kuondoa kinyesi na kusugua kwa sabuni, ukasuuza, ndipo umwage klorini. Uchafu huimaliza klorini nguvu kabla haijafika kwenye kirusi. Wengi humwaga juu ya uchafu, harufu inajaa banda zima, wanaridhika, na watoto wa mbwa wanaendelea kuugua. Iliyochanganywa jana imwagwe, changanya upya kila siku. Na isikutane na mkojo mwingi au na siki, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Kwa paka epukeni dawa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini. Nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja. Analamba manyoya yake, sumu inaingia.

Swali_Tu

Mkuu, na maziwa ya ng'ombe kwa vitoto vya paka vilivyookotwa? Watu wanapeleka sana.

Mkia_Mrefu

@Swali_Tu yanaharisha, na kitoto kidogo kikiharisha kinaishiwa maji haraka. Pelekeni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitoto vya paka. Wenye nafasi nyumbani, jitoleeni kulea kwa muda. Hiyo inasaidia kuliko kopo lolote.

Ila mjue kazi yenyewe. Kitoto cha chini ya wiki nne hula kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku pia. Kikiwa cha baridi usikilishe kamwe, kipashe joto kwanza taratibu kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo. Tumbo la kitoto baridi halisagi, maziwa yanakaa humo na kuvunda. Kinyonye kikiwa kimelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, si chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maana maziwa yataingia kwenye mapafu. Baada ya kula, futa sehemu za chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka kikojoe. Peke yake hakiwezi.

Chanjo_Kwanza

Niongeze la chanjo, kwa sababu hapa wanyama na afya ya watu ni jambo moja. Vifo karibu vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, vinatokana na kuumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka lengo la kufikisha vifo hivyo sifuri ifikapo 2030, na njia inayojulikana ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kisha kurudia. Kurudia ni muhimu: mbwa wanazaana na kufa haraka, ukiruka mwaka, asilimia yako imeshuka bila wewe kuona.

Vikundi vingi vinafanya siku ya chanjo kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukitaka kusaidia, usifikirie chupa za chanjo tu. Mara nyingi chanjo ipo na kilichokosekana ni sindano, kadi za kumbukumbu, mikanda ya kuwaonyesha waliokwisha chanjwa, barafu za boksi baridi, au mafuta. Chanjo inakaa nyuzi 2 hadi 8. Barafu ikigusana moja kwa moja na chupa, chanjo inaganda na kuharibika, kwa hiyo tanguliza kadibodi au kitambaa kizito katikati. Kipimajoto kidogo cha ndani ya boksi ni mchango mdogo sana wa fedha na hakuna anayeufikiria.

Siku yenyewe inahitaji watu zaidi ya mchanjaji: mwandishi, mpanga foleni, mtu wa kuwazuia watoto wasilete mbwa peke yao. Wa kushika mbwa awe ameshachanjwa yeye mwenyewe kabla ya siku hiyo. Atakayeng'atwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni mkwaruzo. Wekeni ndoo yenye bomba na sabuni pale pale kwenye meza.

Mkia_Mrefu

Sahihi. Na fedha za kuhasi na kufunga uzazi zitengwe pia, maana kuchanja na kulisha bila kupunguza uzazi ni kujaza banda upya kila msimu. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, na anaibeba wiki tisa hivi. Hesabuni wenyewe.

Stoo_Kuu

Nimekuja kwa upande wa maghala ya chakula cha wahitaji. Naanza na tusivyopokea: pakiti iliyofunguliwa, chakula kilichopakiwa upya nyumbani bila tarehe, mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea kwenye mshono. Kubonyea ubavuni bila mkunjo mkali si shida. Mshono ndiyo mlango wa bakteria. Mkebe uliovimba usiufungue hata kwa kunusa, huo unatupwa.

Tarehe nazo ziko za namna mbili. "Tumia kabla ya" ni ya usalama, ikipita kitu kinatupwa. "Bora kabla ya" ni ya ubora, na mikebe mingi bado ni salama baada yake kama haina kasoro. Hata hivyo kila ghala lina utaratibu wake. Mchangiaji asitumie kanuni hii kusafishia kabati lake.

Ndani ya stoo, magunia yakae juu ya mbao, sentimita 15 toka sakafuni, na yaache nafasi ukutani ya mtu kupita na kufagia. Gunia likigusa ukuta linafyonza unyevu, linaota ukungu, na nafaka yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Kinachoisha muda mapema ndicho kinachotoka mapema, hata kama kiliingia jana. Sabuni na dawa za usafi zikae chumba kingine, kwa sababu unga unachukua harufu usiku mmoja.

Vinavyokosekana daima: mafuta ya kula, kunde, samaki au nyama ya mkebe wenye kishikio cha kufungulia (si kila nyumba ina kifungulio), chumvi, taulo za kike, nepi za namba kubwa, sabuni ya kufulia. Watu hukumbuka wanga na kusahau vyote hivyo.

Bintiwatu

Maziwa ya watoto wachanga vipi? Hapo kuna kina mama wanaomba.

Stoo_Kuu

@Bintiwatu dada, hapo taratibu sana. Msiyakusanye kwa matangazo na msiyagawe kwenye vifurushi vya kila mtu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama mwaka 1981, na mwongozo wa wakati wa majanga unakataza kuomba au kupokea misaada ya maziwa hayo. Sababu ni ya vitendo. Mama anayenyonyesha akipewa makopo mawili, ananyonyesha kidogo, maziwa yake yanapungua, makopo yanaisha, na sasa hana vyote viwili. Maji yakiwa machafu au akizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto anaharisha na kukonda. Mtoto ambaye kweli hawezi kunyonya apelekwe kwa mhudumu wa afya, apimwe, na apate maziwa kwa mpango unaodumu mpaka atakapoacha kuyahitaji. Mchango wako uwe wa kugharamia mpango huo kupitia zahanati.

Tone_450

Upande wa afya nianze na mchango usiohitaji fedha: damu. Chupa moja ni mililita 450 hivi. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35 hadi 42 kutegemea maji ya kuhifadhia. Chembe sahani, zile za kugandisha damu wanazohitaji wagonjwa wengi wa saratani, hukaa siku 5 tu kwenye benki nyingi, tena si kwenye friji bali nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote. Sasa fikirini: likitokea janga watu wote wanajitokeza wiki moja, friji linajaa, nyingine inapita muda, na miezi miwili baadaye hakuna kitu na wale wote bado hawaruhusiwi kurudia. Kikundi cha watu 40 wanaochangia kwa zamu, kumi kila mwezi, kinaisaidia benki ya damu kuliko 40 wa siku moja.

Muda wa kurudia hutofautiana nchi na nchi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni wiki 12 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini madini ya chuma unayopoteza, miligramu 200 hadi 250, huchukua wiki nyingi. Anayechangia mfululizo bila kula vyakula vya chuma atakataliwa siku moja kwa upungufu wa damu.

Mnaoandaa siku ya kuchangia mtaani au kazini: kubalianeni na benki ya damu tarehe KABLA ya kutangaza. Wao ndio wanajua wana mifuko mingapi na wahudumu wangapi. Tafuteni chumba chenye hewa, choo kilicho karibu, maji ya kunywa, na kona iliyofichika ya kujazia dodoso, kwa sababu maswali ni ya siri na mtu akijibu huku bosi wake anamsikia atadanganya. Aliyekataliwa asitangazwe wala asiulizwe mbele za watu. Wachangiaji wale kabla, wanywe nusu lita ya maji, na baada ya hapo wapumzike dakika 10 hadi 15 wakiwa wamekaa. Anayeanguka mara nyingi ni yule aliyesimama haraka. Akisikia kizunguzungu mlazeni, miguu juu.

Kibaba (mleta mada)

@Tone_450 shukrani mkuu. Na dawa zinazobaki nyumbani? Magongo, viti vya magurudumu?

Tone_450

Dawa zilizobaki nyumbani hapana, hata kama boksi halijaguswa. Hakuna anayejua zilikaa wapi, huenda kwenye gari juani. Mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dawa, uliotolewa mara ya kwanza 1996, unasema dawa zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa zisigawiwe tena, na kwamba kwa kawaida dawa iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika. Zahanati inaponunua kwa wingi inapata dawa sahihi kwa bei ya chini kuliko wewe dukani. Wapeni fedha.

Vifaa ndiyo, kwa masharti. Magongo yawe na mipira ya chini isiyolika, maana mpira uliolika ndio unaoangusha wazee kwenye sakafu yenye maji. Juu yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Anayeegemeza kwapa hupata ganzi ya mkono kwa sababu mishipa inabanwa.

Kiti cha magurudumu ni kigumu zaidi. Kikiwa kipana kuliko nyonga, mtu anakaa upande, mgongo unapinda na ngozi inasuguliwa. Bila mto wa kupunguza mgandamizo, mtu asiyesikia miguu yake hupata kidonda cha kukaliwa bila kujua, na kidonda hicho kinaweza kumuua. Kwa hiyo kisitolewe bila mtaalamu wa kumpima mtu na kumfundisha, na papo hapo kikundi kijue vipuri vitapatikana wapi.

Mzalendo77

Wakuu, mimi msimamo wangu ni tofauti. Nataka mchango wangu wote ufike kwa mnyama au mgonjwa. Nikisikia "gharama za uendeshaji" nafunga pochi. Vikundi vingapi vimekula hela za watu?

Mweka_Vitabu

@Mzalendo77 hofu yako ina msingi, ila kipimo unachotumia hakikamati wezi. Mwizi ni rahisi kwake kuandika "uendeshaji asilimia sifuri". Anayelipa mhasibu na mkaguzi ndiye anayeonyesha gharama hizo wazi. Tazama haya badala yake.

Akaunti iwe ya jina la kikundi, na namba ya kupokelea kwa simu vilevile. Ikiwa fedha zinaingia kwa jina la mwenyekiti, simama hapo, hata kama mwenyekiti ni malaika. Kutoa fedha kuhitaji saini mbili za watu wasio ndugu wala wanandoa. Stakabadhi ziwe na namba zinazofuatana. Ukipewa namba 118 leo, na jirani yako aliyetoa wiki iliyopita ana 340, uliza. Sanduku la michango lifungwe kwa lakiri, lifunguliwe na watu wawili, wahesabu pamoja, waandike, wasaini, na fedha yote iende benki kama ilivyo. Kosa la kawaida kabisa ni kutoa humo nauli na chai kwanza kisha kupeleka kilichobaki. Hata kama hakuna mwizi, vitabu havitalingana tena.

Omba usajili, na taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita. Kikundi kidogo kinaweza kuwa na karatasi moja tu, sawa, mradi jumla zinafunga na mtu anaweza kueleza kila mstari. Uliza pia wana akiba ya miezi mingapi. Miezi mitatu ya matumizi si ulafi: mfadhili mmoja akijiondoa, mbwa bado wanakula.

Na mkitoa fedha yenye sharti, andikeni sharti pana. "Kwa ajili ya matibabu ya wanyama" inatosha. "Kwa ajili ya mbwa mwenye mguu uliovunjika wa kwenye picha" inamfunga mweka hazina, kwa sababu mbwa akipona kabla fedha haijaisha, hana ruhusa ya kuitumia kwa mwingine mpaka akutafute.

Mzalendo77

Hilo la namba za stakabadhi nimelielewa vizuri. Asante.

Bintiwatu

Naomba niseme la picha. Msimpige mhitaji picha akipokea mfuko wa unga. Mtu mwenye njaa akiulizwa "tukupige picha?" na mfuko bado uko mikononi mwako, hawezi kukataa. Ruhusa iombwe siku nyingine, baada ya kupewa, na aelezwe picha itaenda wapi. Watoto sura zisionekane. Mfadhili akitaka ushahidi, apewe daftari la ugawaji lenye idadi ya kaya, kilo zilizotoka na salio, au picha ya stoo.

Stoo_Kuu

Naunga mkono. Na mahali panapowezekana, wapokeaji wachague wenyewe rafuni. Mgonjwa wa kisukari ataacha sukari, asiye na jiko ataacha kunde kavu. Vifurushi vilivyofungwa tayari vinaenda haraka, ila sehemu yake inaishia jalalani.

Swali_Tu

La mwisho kwangu. Kikundi kimeshapokea vitu visivyofaa, stoo imejaa. Wavifanyie nini?

Mkia_Mrefu

Nguo za pamba zilizochakaa, taulo na mashuka yaliyokataliwa na ghala la wahitaji yaleteni kwa wanyama, baada ya kukata vifungo na zipu. Sufu na nyuzi zinazofumuka msilete, paka humeza uzi na utumbo unajikunja.

Stoo_Kuu

Na sisi hupokea makadibodi na mbao za kuwekea magunia kutoka zahanati. Vikundi vitatu vya eneo moja vikiwa na orodha ya pamoja ya "tunacho kingi" na "tunakosa", ikasahihishwa kila Jumatatu, hata karatasi ukutani inatosha.

Tone_450

Dawa zilizopita muda zitengwe kwenye boksi lenye kufuli, ziandikwe jina na idadi, zirudishwe famasi au hospitali inayoteketeza kwa utaratibu. Zisimwagwe chooni wala kuchomwa uani. Na zisipelekwe kwa wanyama: paracetamol moja ya mtu mzima inatosha kumuua paka.

Kibaba (mleta mada)

Nimeweka maswali ya simu ya kwanza juu kabisa ya uzi, na la akaunti na stakabadhi nitaliongeza hapo. Mwenye uzoefu wa vituo vya wazee au vya watoto aongeze, hasa kuhusu dawa za kila siku na nani anazishika.